Chuma, Mtoto Aliyekatiwa Kamba



Mama mmoja wa hapa Dunda, mjini Bagamoyo, alinijia baada ya sala ya Alasiri akiwa na jambo linalomtaabisha. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa amesikia katika redio habari za watu walioshambuliwa wakiwa katika ibada, na za mtu mmoja aliyeusimamia mlango hata akauawa, ili wengine wapate njia ya kutokea. Usiku ule mtoto hakulala. Aliuliza mara tatu kwa nini mtu yule hakukimbia. Basi mama akataka kujua: je, mtoto wa umri huo aelezwe mambo kama haya, naye aweza kuyafahamu? Au ni afadhali afichwe mpaka akili yake ipevuke?

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda, nami nikarudi nyumbani nikifikiri habari za mtu mmoja ambaye nyayo zake zimepita katika mji wetu huu. Mtu huyo alipatwa na shambulio akiwa mtoto, akaokolewa na watu waliokubali kuhatarisha maisha yao, na baadhi yao wakafa. Jina lake ni Chuma. Yamkini umelisikia, maana aghalabu hutajwa pamoja na jina la mwenzake, Susi, kana kwamba wawili hao walikuwa mtu mmoja.

Ukiifuata ile njia ya miembe iendayo kwenye misheni ya Wakatoliki, utauona mnara wa kanisa la zamani, uliojengwa mwaka 1872, ambao watu huuita Mnara wa Livingstone. Mwezi wa Februari mwaka 1874 maiti ya Daktari David Livingstone ililazwa hapo kabla ya kuvushwa Unguja. Wageni wanaokuja kuutazama mnara huo huuliza habari za maiti. Wachache huuliza habari za waliobeba. Mimi leo nataka kukueleza habari za mmoja wa hao.

Chuma alizaliwa karibu na mwaka 1850 katika kabila la Wayao, katika nchi zilizo upande wa Ziwa Nyasa. Nyakati zile biashara ya utumwa ilikuwa imezivuruga nchi hizo. Misafara ilishuka Kilwa, na mingine ilielekea Tete kwa Wareno. Wanaume walivishwa makongwa shingoni, wanawake na watoto wakafungwa kwa kamba. Hatuna sababu ya kuficha kwamba miongoni mwa waliofanya biashara hiyo walikuwamo watu wa pwani yetu waliojiita Waislamu, ingawa Kurani Tukufu katika sura ya Al-Balad yaihesabu kazi ya kumfungua mtumwa kuwa ni ile njia ngumu ya mlimani ipasayo kupandwa na mwenye imani. Chuma alikuwa bado mdogo alipouzwa.

Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie aliwasili katika bonde la Mto Shire pamoja na wenzake wa misheni iliyotumwa na vyuo vikuu vya Uingereza. Livingstone ndiye aliyewaongoza kupanda nchi ya juu. Mnamo tarehe 16 Julai, katika kijiji cha Mbame, walikutana na msafara wa watumwa waliokuwa wakipelekwa Tete. Wenye msafara walipowaona Wazungu walikimbilia porini. Watu 84, wengi wao wanawake na watoto, wakakatiwa kamba, na makongwa ya wanaume yakakatwa kwa msumeno. Wanawake waliambiwa wapike chakula wawalishe watoto, nao wakawasha moto kwa miti ile ile iliyokuwa shingoni mwa waume zao. Ndipo wakaeleza yaliyowapata njiani: jinsi wanawake wawili walivyopigwa risasi kwa kujaribu kulegeza kamba, na jinsi mtoto mchanga wa mama mmoja alivyouawa kwa sababu mama hakuweza kumbeba yeye na mzigo pamoja. Watoto wote waliokuwa katika kamba ile waliyaona hayo.

Sasa nakuomba usikilize jambo hili. Mtoto mmoja mdogo wa kiume katika kundi lile, alipokwisha kufunguliwa, aliwauliza waliomfungua kwamba wale wengine waliwafunga na kuwashindisha njaa, bali nyinyi mwakata kamba na kutuambia tule. Basi nyinyi ni watu wa namna gani, na mmetoka wapi? Livingstone aliliandika swali hilo, nasi twamshukuru kwa kuliandika. Mtoto hakuuliza kama kuna hatari, wala hakuuliza mama yake yuko wapi. Aliwatazama watu wa aina mbili, akaona kwamba hawafanani, na tofauti hiyo ikamstaajabisha. Bila ya kufundishwa na mtu alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo wanafunzi wengi wa elimu ya dini huchukua miaka kufika.

Chuma naye alifunguliwa katika mwaka huo huo wa 1861, na mikono hiyo hiyo ya Livingstone na Mackenzie. Alikaa pamoja na watoto wengine waliofunguliwa katika kituo cha misheni huko Magomero. Nisingependa udhani kwamba mambo yalikuwa mepesi. Askofu alishika bunduki na kuingia katika vita vya Wamang'anja dhidi ya Wayao, na vijiji vya Wayao vilichomwa moto. Kwao huko Uingereza wengi walimlaumu kwa jambo hilo, na mimi naona walikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana katika vijiji vile vilivyochomwa walikuwamo watoto, nao wakaona moto. Kisha njaa ikaingia, na maradhi, na wengi katika wale waliookolewa wakafa, watoto wengi miongoni mwao. Askofu mwenyewe hakudumu. Mtumbwi ulipinduka, dawa zikapotea mtoni, homa ikamshika, na tarehe 31 Januari 1862 akafa katika kisiwa kidogo mahali Mto Ruo unapoingia katika Shire. Hapakupita hata miezi saba tangu siku ya kamba.

Basi Chuma, mwenye umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, alikuwa ameyaona haya yote: kuuzwa, kufungwa, kufunguliwa, na kufa kwa mtu aliyekuja kumfungua. Je, aliyafahamu?

Sehemu moja ya jibu ni ya kushangaza, nami sitaki kukuficha ingawa yadhoofisha kidogo hoja yangu. Mwaka 1866, Chuma akiwa sasa kijana anayesafiri na Livingstone, walifika tena karibu na Ziwa Nyasa. Mwenzake Wikatani, aliyefunguliwa pamoja naye, alikutana na ndugu zake akabaki huko. Chuma alianza kuzungumza habari za utoto wake, na Livingstone akaona kwamba kijana huyu aliamini kabisa kuwa Wamang'anja ndio waliomkamata na kumuuza. Mambo yalikuwa kinyume chake: Wayao, watu wake mwenyewe, ndio waliomuuza. Chuma alishikilia kwamba hapana Myao awezaye kuuza mtoto wake. Alipokumbushwa kwamba Wikatani aliuzwa na baba yake mzazi, alikana.

Ewe mzazi unayesoma, tafakari hapo. Mtoto huyu hakuwa mwongo. Shambulio lilikuwa limemwachia jeraha moja ambalo hakuweza kulibeba, yaani kwamba waliompasa kumlinda ndio waliomtoa. Kwa miaka mitano moyo wake ulikuwa umeihamisha hatia ile kutoka kwa jamaa zake na kuwatwika wageni, mpaka yeye mwenyewe akaamini. Na huenda hakuwapo mtu wa kukaa naye, alipokuwa na umri wa miaka kumi, akamweleza pole pole jinsi mambo yalivyokuwa. Tunapomficha mtoto, hakai na akili tupu. Hujitungia habari yake mwenyewe, na mara nyingine katika habari hiyo humweka asiye na hatia mahali pa mwenye hatia.

Lakini tazama pia upande wa pili. Juu ya nani aliyemuuza, Chuma alikosea. Juu ya nani aliyemkatia kamba, hakukosea kamwe.

Baada ya misheni kuondoka bondeni mwaka 1864, Livingstone aliwachukua Chuma na Wikatani katika meli yake ndogo, akavuka nao bahari kutoka Unguja hadi Bombay kwa siku 45. Huko waliachwa katika shule ya Daktari John Wilson, na mwezi wa Desemba 1865 wakabatizwa, Chuma akipewa jina la James. Naam, alikuwa Mkristo. Na huyo Susi mwenzake, Abdullah Susi, alibatizwa mwaka 1886 tu, Livingstone akiwa amekwisha kufa miaka mingi. Huenda ukashangaa kwa nini gazeti hili lasimulia maisha ya mtu wa dini nyingine. Nami nakuuliza, ndugu yangu, wema alioufanya tuufanyeje? Tuukane?

Mwaka 1866 Livingstone alitua katika pwani ya kusini, karibu na Ruvuma na Mikindani, akaanza safari ya mwisho. Kwa miaka saba Chuma alikuwa katika msafara huo. Hakuwa malaika. Mwaka 1868 huko kwa Kazembe wafuasi wengi walichoka wakakataa kuendelea, naye Chuma alikuwa miongoni mwao. Livingstone akaenda Bangweulu na watu wachache mno, na aliporudi akawapokea tena bila ya kinyongo kikubwa. Tangu hapo Chuma hakumwacha. Mwezi wa Julai 1871 msafara ulikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, wakati wafanyabiashara wa watumwa walipowafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Walikufa kiasi cha watu 400 kwa hesabu ya wauaji wenyewe, kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Chuma alikuwa sasa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu. Ukilihesabu, hilo lilikuwa shambulio la tatu au la nne la maisha yake.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hapakuwapo Mzungu mwingine. Hapakuwapo balozi wala askari wa kuwaamrisha. Wale wapagazi wangeweza kumzika pale, wakagawana vitu, kila mtu akaenda zake, wala hapana ambaye angewalaumu. Waliketi shauri, wakakubaliana kumpeleka pwani. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti. Maiti ikatiwa chumvi, ikaanikwa juani siku kumi na nne, ikavingirishwa katika nguo, ikatiwa katika gome la mti na kushonewa turubai. Madaftari na vyombo vya kupimia vikafungwa vizuri. Na hapa niseme jambo dogo: ile habari ya kosa la Chuma juu ya waliomuuza ilikuwa imeandikwa katika daftari la Livingstone, kwa hiyo ilikuwamo katika mizigo hiyo iliyolindwa na Chuma mwenyewe mpaka ikafika salama.

Wakaanza safari. Ilikuwa zaidi ya maili 1,000, nayo ilichukua miezi tisa. Wengi waliugua mwanzoni, na wengine wakafa. Katika kijiji cha Chawende walikataliwa kuingia, maneno yakageuka mishale, na mishale ikajibiwa kwa bunduki. Wenyeji walikimbia, na msafara ukakaa katika nyumba zao kwa siku kadhaa ukila akiba yao. Katika vijiji hakukosekani watoto. Kwa watoto wa Chawende, Chuma na wenzake ndio waliokuwa washambuliaji, na sijui kama siku ile alikumbuka kamba yake. Nalitaja jambo hili kwa sababu yule mwana wa Dunda atakapokua atatambua kwamba mtu mmoja aweza kuwa mwokozi mahali pamoja na tisho mahali pengine. Ni afadhali asikie mapema, tena kutoka kwetu.

Walipofika Unyanyembe, jirani na Tabora, mwezi wa Oktoba, walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuja kumtafuta Livingstone. Aliwashauri wamzike pale pale, kwani njia ya mbele ina hatari. Walikataa kwa adabu. Baadaye waliona kwamba watu wa njiani hawataki maiti ipite katika nchi yao, wakafanya hila: walifunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakawatuma watu warudi nayo kama wanaoipeleka Unyanyembe kuzikwa, na maiti yenyewe wakaifunga upya mfano wa mtumba wa nguo. Hivyo wakapita.

Katika safari hiyo alikuwamo mtoto wa kike jina lake Losi. Vitabu vikubwa humpa mistari michache tu. Alikuwa akitembea katika mstari pamoja na wakubwa, mtungi wa maji kichwani, nyoka mkubwa akatoka ghafula akamwuma pajani. Hazikutimia dakika kumi, akafa. Losi naye alikuwa amebeba sehemu yake. Bila ya maji wabebaji wasingeweza kutembea. Wakubwa walikuwa wameshauriana kule Chitambo juu ya kuyatia maisha yao hatarini kwa ajili ya ahadi. Yeye, je, aliulizwa?

Swali hili si dogo katika dini yetu. Kurani Tukufu katika sura ya As-Saffat yasimulia kwamba Nabii Ibrahimu (a.s.), alipoona katika ndoto kuwa amchinja mwanawe, hakumchukua kwa nguvu wala hakumdanganya njiani. Alimweleza aliyoyaona, kisha akamtaka mtoto atazame na kutoa maoni yake. Na mtoto huyo alikuwa amefikia tu umri wa kuweza kwenda na kufanya kazi pamoja na baba yake. Baba angeweza kusema kwamba huyu ni mdogo, hafahamu. Hakusema. Jibu la mtoto lilikuwa jibu la mtu aliyefahamu, lakini mimi nalistaajabia zaidi swali la baba kuliko hata hilo jibu. Na hapa yapo mambo mawili tusiyoyachanganya: kuwa mtoto aweza kufahamu kujitoa mhanga ni jambo moja; kuwa mkubwa ana haki ya kumtoa mtoto ni jambo jingine kabisa. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikataza kuua watoto hata katika vita vya haki, na aliwarudisha nyumbani vijana waliokuja wenyewe kutaka kupigana Uhudi, kwa kuwa umri wao haujatimia. Aliona kwamba wanafahamu. Hata hivyo aliwarudisha.

Mwezi wa Februari 1874 msafara ulivuka Mto Kingani, ambao leo twauita Ruvu, ukaingia Bagamoyo. Chuma alitangulia Unguja na watu wachache kumpasha habari kaimu balozi wa Uingereza. Tarehe 24 maiti ikawa misheni. Misheni ile ilianzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto. Kwa hiyo watoto waliokatiwa kamba walikuwapo uani siku ile, wakiutazama msafara ulioongozwa na mtu mzima aliyekuwa kama wao miaka kumi na mitatu nyuma. Hapana aliyeandika walifikiri nini.

Manowari iliichukua maiti. Chuma na Susi walilipwa ujira wao wakaachwa pwani. Livingstone alipozikwa London katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, wao hawakuwapo, isipokuwa Jacob Wainwright peke yake miongoni mwa wabebaji. Baadaye rafiki mmoja wa marehemu aliwalipia nauli, wakafika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Huko walimsaidia Horace Waller kuyafafanua madaftari, wakieleza siku baada ya siku mambo ambayo karatasi hazikuyasema. Waller naye alikuwa mmoja wa watu wa Magomero. Alimjua Chuma akiwa mtoto.

Miaka iliyobakia Chuma aliongoza misafara. Alikwenda na Askofu Steere, na mwaka 1876 alikuwamo katika safari iliyowapeleka watumwa waliokombolewa kwenda kukaa Masasi. Mwaka 1879 alikuwa kiongozi wa wapagazi katika msafara wa Keith Johnston uliotoka Dar es Salaam. Johnston akafa Behobeho baada ya wiki chache, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, ambaye bila ya Chuma asingefika mbali. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882 kwa kifua kikuu. Umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 32.

Nilimsimulia yule mama haya yote, naye akamchukua mwanawe Ijumaa moja mchana wakaenda kuutazama mnara. Alimweleza habari za kamba, na za askofu, na za mtumba uliokuwa si mtumba. Aliporudi aliniambia kwamba mtoto alisikiliza kimya mpaka mwisho. Hakuuliza lolote juu ya Livingstone. Aliuliza ni nani aliyeuchukua ule mtungi baada ya Losi kufa, na kama alipita njia ile ile. Mama hakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Usiku ule, akasema, mtoto alilala.